Cheti cha Kutojua

Nchi hii haipo. Serikali yake yenyewe ilishatoa tamko kwamba haipo, likasomwa redioni mara tatu, na wananchi wakapiga makofi kila mmoja nyumbani kwake. Kwa hiyo atakayeona humu kiwanda anachokifahamu, au mkurugenzi aliyewahi kumwamkia akaitikiwa kwa kidevu, basi ni macho yake tu.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo kulikuwa na Shirika la Taifa la Mablanketi. Joto lilikuwa la mwaka mzima na hakuna aliyejifunika blanketi, lakini mwasisi wa taifa aliwahi kuugua homa ya baridi siku mbili, na tangu hapo blanketi likawa sera. Kiwanda kiliendeshwa kwa mvuke, mvuke ulitoka kwenye boila moja kuukuu, na boila hiyo ilifahamika vizuri na mtu mmoja tu, Bi. Tabu Mkangwa.

Bi. Tabu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye sauti ndogo. Ndani ya nyumba ya boila sauti haikuwa na kazi, maana kelele za humo zilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu akikutukana ulilazimika kumwomba akuandikie. Ndiyo maana kukawa na khanga. Miaka kumi na tisa nyuma bomba lilipasuka na mvuke ukambabua mtu usoni, na Bi. Tabu akaivua khanga yake ya kijani mabegani akaitundika kwenye reli ya ngazi ili wenzake waione watoke. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Khanga ikiwa mabegani mwake, kazi iendelee. Ikiwa kwenye reli, watu wote tisa wa boila wanaacha walichoshika na kutoka nje, bila kuuliza. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mwingine aliyeungua.

Mmoja wa hao tisa alikuwa Sikitu, mwanawe wa pekee, msichana wa miaka ishirini na sita aliyechochea kuni mbele kabisa ya tanuru. Bi. Tabu hakuwa na mtu mwingine duniani. Kila jioni alisimama mlangoni akahesabu vichwa vinavyotoka, akianza na cha Sikitu, na vikitimia tisa ndipo alipokwenda kutafuta mboga.

*

Mambo yaliharibika Bunge lilipopitisha Sheria ya Vyanzo vya Mamlaka Kazini.

Wataalamu walikuwa wametumwa ng'ambo, wakakaa hotelini wiki sita, wakagundua kwamba bosi hutiiwa kwa sababu tano. Hutiiwa kwa Kiti alichokalia, kwa Zawadi anazogawa, kwa Fimbo anayoweza kuchapia, kwa Ujuzi alionao, na kwa Mapenzi waliyonayo watu kwake. Serikali ilishtuka sana kusikia kwamba vitu vizito namna hiyo vilikuwa vikitumika ovyo, na kila mtu, bila kibali. Ikaamriwa kila chanzo kiombewe leseni, na kiongozi atakayepata zote tano atunukiwe nishani ya Kiongozi Kamili na Waziri mwenyewe.

Mkurugenzi Mkuu wa mablanketi, Mheshimiwa Eliabu Ngonyozi, aliitamani nishani hiyo mpaka akakosa usingizi wa mchana. Na kwa kweli hakuwa mbali nayo. Kiti alikuwa nacho, cha ngozi, kinachozunguka. Zawadi alikuwa nazo, maana funguo za stoo ya chupa za chai na mafuta ya kupikia zilining'inia kiunoni mwake, na aliyecheka vizuri mkutanini hakurudi nyumbani mikono mitupu. Fimbo ilikuwa ya barua za onyo, ambazo alizitia saini zikiwa tupu, akatembea nazo mfukoni. Mtu akipata ya tatu, amefukuzwa. Mapenzi yalipimwa kwa fomu iliyouliza, "Je, unampenda Mkurugenzi?" na kuacha nafasi mbili za kuweka alama, Ndiyo na Ndiyo Sana. Matokeo yalikuwa asilimia mia moja na nne, kwa sababu wengine walijaza mara mbili kwa hofu.

Kilichobaki ni Ujuzi. Mkaguzi kutoka wizarani, Bwana Fulgensi Mbilo, mtu mwembamba aliyependa kuandika akiwa amesimama, alikuja kumpima. Alikaa katika nyumba ya boila saa tatu akiwa ameziba masikio kwa pamba. Alipotoka alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Mheshimiwa, una tatizo," alisema. "Watu wako wana mamlaka nyingine huko chini."

"Nani? Chama cha wafanyakazi?"

"Khanga."

Mkurugenzi alikaa. Bwana Mbilo akamweleza alichokiona, kwamba presha ilipopanda kidogo hakuna aliyeinua macho kutazama picha ya Mkurugenzi iliyotundikwa ukutani. Wote tisa waliyatazama mabega ya mama mmoja mfupi. Huyo mama anamiliki chanzo cha nne chote peke yake, wala hana leseni.

"Nimfukuze?"

"Ukimfukuza anaondoka nacho. Sheria ni nzuri, Mheshimiwa, imeona mbali. Kinahamishwa."

*

Uhamisho wa Ujuzi ulichukua siku tatu. Bi. Tabu alikalishwa mbele ya karani akaambiwa aseme yote anayoyajua. Alisema. Alieleza sauti ya maji yaliyopungua, na sauti ya maji yaliyozidi, na ile ya vali ya usalama inapokwama, ambayo inafanana na mtu anayemeza mate kabla ya kusema uongo. Alieleza rangi ya majivu, harufu ya mpira unaoanza kuiva, na namna ngazi inavyotekenya nyayo. Karani alipata kurasa arobaini na moja. Ofisi ya Mkurugenzi ikazipunguza zikawa nne, na mambo ya mate na nyayo yakaondolewa kwa kuwa hayakuwa na hadhi.

Siku ya tatu alipewa karatasi asaini. Ilisema kwamba kuanzia saa hiyo ujuzi wote wa boila ni mali ya Mkurugenzi Mkuu, na kwamba mtoaji hajui tena, na akionekana anajua atashitakiwa kwa kumiliki mamlaka bila leseni.

"Nisiposaini je?" aliuliza Bi. Tabu.

Bwana Mbilo alitazama orodha yake kwa upole. "Kuna mtu anaitwa Sikitu Mkangwa. Ana barua mbili za onyo. Sijui alizipataje."

Alizipata asubuhi hiyo hiyo. Bi. Tabu akasaini. Akapewa Cheti cha Kutojua chenye picha yake ndogo, akahamishiwa kantini kumimina chai. Khanga nayo ilichukuliwa kama kitendea kazi, ikatiwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa nyuma ya kiti kinachozunguka. Chini watu wa boila walisomewa waraka kwamba ishara ya khanga itaendelea kutumika, ila haitakuwa halali isipokuwa iwe na muhuri mwekundu wa Mkurugenzi kwenye pembe ya chini, upande wa kulia. Atakayetoka kwa khanga isiyo na muhuri, au atakayetoka bila kusaini daftari la kutoka, ni barua. Muhuri wenyewe ungegongwa Alhamisi ya sherehe ya nishani, mbele ya Waziri, ili upigwe picha.

Lazaro Kihwelu, mzee wa boila aliyeshughulika na maji, alikuwa na barua mbili tayari na watoto sita. Alikuja kantini akiwa amekunja ule waraka mara nyingi mpaka ukawa mdogo kama kipande cha sabuni.

"Dada Tabu, sasa tumtazame nani?"

"Mtazameni Mkurugenzi, kaka Lazaro. Yeye ndiye anayejua."

Lazaro alisubiri acheke. Bi. Tabu hakucheka. Lazaro akamaliza chai yake akaondoka.

*

Ilikuwa Ijumaa, siku sita kabla ya sherehe, vikombe vya kantini vilipoanza kucheza. Vilikuwa vya udongo, vyeupe, vimepangwa kwenye sinia, na kantini ilipakana ukuta na nyumba ya boila. Viligongana kidogo kidogo, vikatulia, vikagongana tena. Bi. Tabu alisimama na birika mkononi. Aliijua ile hesabu, vali ilikuwa imekwama na presha inapumua kwa kuibia. Sikitu alikuwa upande wa pili wa ukuta huo, hatua kumi.

Alivua aproni akaenda kwa Bwana Mbilo.

"Boila imeugua," alisema.

"Unajuaje, mama, na wewe hujui?" Bwana Mbilo alichukua kalamu. "Nikuandikie kosa?"

"Mimi sijui. Vikombe ndivyo vinavyojua."

Bwana Mbilo alifikiri. Akampa Fomu ya Tetesi, inayojazwa na wasiojua, ambayo hujibiwa ndani ya siku thelathini. Bi. Tabu aliijaza kwa herufi kubwa. Kwenye nafasi ya "Chanzo cha tetesi" akaandika: sinia.

Mchana ule ule Mkurugenzi mwenyewe alikuja kantini, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaagiza chai asiyokunywa. Alikuwa amesoma zile kurasa nne mara saba na zilimwacha alivyokuwa.

"Bi. Tabu," alinong'ona, "kwa mtu asiyejua kabisa, wewe ungekisia nini?"

"Ningekisia watu watoke, Mheshimiwa, moto uzimwe, vali ifunguliwe isafishwe. Siku mbili."

"Baada ya Alhamisi."

"Mwanangu yumo mle. Naomba. Itundike wewe hiyo khanga, mimi sitaki sifa."

Mkurugenzi alitazama vikombe. Alikuwa mtu mwoga kuliko mbaya, na labda kidogo angekubali. Lakini aliwaza watu wametoka, moto umezimwa, vali imefunguliwa, ikakutwa nzima. Hapo nchi nzima ingejua kwamba ujuzi wake una mate ya uongo ndani yake. "Nina vyanzo vitano," alisema akiinuka. "Nitaishughulikia."

Na kweli aliishughulikia. Jumamosi aliteremka na kuiamuru boila, kwa mamlaka ya Kiti, ishushe presha mara moja. Waraka ulisomwa kwa kipaza sauti na nakala ikabandikwa ubavuni mwake. Jumapili, kwa kuwa haikutii, aliiandikia barua ya onyo. Karatasi ilijikunja kwa joto ikaanguka, na hilo likahesabiwa kuwa ni utovu wa nidhamu, ikapewa ya pili. Jumatatu alijaribu Zawadi, akaipaka boila rangi ya fedha na kuizungushia utepe. Kufikia jioni rangi ilikuwa imefura malengelenge. Jumanne wafanyakazi mia mbili walipangwa mistari wakaimba kwamba wanaipenda. Jumatano Mkurugenzi alisimama mbele yake peke yake akaisomea kurasa zote nne za ujuzi, kwa sauti.

Usiku wa Jumatano Bi. Tabu alimwambia mwanawe, "Kesho usiende."

"Nina barua mbili, mama. Na nisipokwenda mimi, pale mbele atawekwa mjomba Lazaro." Sikitu alikuwa anachana nywele. "Wewe si utakuwepo?"

*

Alhamisi meza kuu iliwekwa uwanjani, mbele ya nyumba ya boila, ili Waziri aone mvuke wa taifa. Khanga ilisimamishwa kwenye fremu nyuma ya Mkurugenzi, na muhuri ukawekwa kwenye mto wa velveti. Ndani, wale tisa waliamriwa wajaze moto ili king'ora kilie vizuri Waziri akisimama. Bi. Tabu alimimina chai meza kuu.

Waziri alizungumza saa nzima. Alisema zamani nchi iliongozwa na watu waliotiiwa na hakuna aliyejua ni kwa nini, lakini sasa utii umeorodheshwa, umepimwa na kuwekewa mihuri. Alisema mablanketi ni joto na joto ni umoja. Alipofika kwenye umoja vikombe vyote vya meza kuu vikaanza kucheza kwenye sahani zake, na wageni wakadhani ni makofi.

Bi. Tabu aliinama sikioni kwa Mkurugenzi. "Mheshimiwa, ni sasa."

Mara hii Ngonyozi aliisikia boila. Uso wake uligeuka rangi ya majivu, akamtazama yule mama, na machoni mwake hamkuwa na chanzo hata kimoja. Akainuka. Bi. Tabu alimshukuru Mungu, akidhani anaichukua khanga. Mkurugenzi akamnong'oneza Waziri kwamba kuna eneo jipya la kuegesha magari ambalo angependa alikague haraka, na wote wawili, na Bwana Mbilo nyuma yao na mafaili, wakaondoka kwa mwendo wa watu wasiotaka kuonekana wanakimbia.

Muhuri ulibaki kwenye mto. Bi. Tabu hakuuona, au aliuona na hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alipasua kioo kwa birika, akaivuta khanga katikati ya vipande, na kiganja cha kulia kikachanika kutoka kidole hadi kifundo. Akakimbia nayo ndani, akaitundika kwenye reli ya ngazi mahali pake pa siku zote.

Watu tisa waliinua macho wakaiona. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hawakutoka. Wasilaumiwe na yeyote, kwa sababu kila mmoja alikuwa na nyumba na barua zake. Walisogea hatua mbili wakaitazama pembe ya chini, upande wa kulia. Bi. Tabu alipiga kelele ambazo hazikusikika hata na yeye mwenyewe. Alikuwa ameishika pembe hiyo hiyo wakati anaitundika. Pale palikuwa na alama nyekundu, karibu ya mviringo, bado mbichi.

Waliiona wakatoka. Ni Sikitu peke yake ambaye hakuitazama ile pembe. Aliutazama mkono wa mama yake, akaukamata, wakatoka pamoja. Mlangoni Lazaro akasimama ghafla, akageuka. Daftari la kutoka lilikuwa kwenye meza yake nyuma ya tangi la maji, na yeye hakuwa amesaini. Bi. Tabu alimvuta shati. Lazaro alimwonyesha vidole vitatu, akatabasamu kwa aibu, kama anayeomba radhi kwa kuchelewesha wenzake, akarudi ndani.

Bi. Tabu alihesabu vichwa akianza na cha Sikitu. Alikuwa amefika nane ukuta ulipoanguka.

*

Mkurugenzi alipeleka msibani blanketi la daraja la kwanza. Mjane wa Lazaro alilipokea, akamvuta Bi. Tabu pembeni, akamuuliza jambo moja tu. "Wifi, aliwahi kusaini?"

"Aliwahi," alisema Bi. Tabu, ambaye hakujua, na alilia njia nzima ya kurudi.

Tume ya watu saba ilichunguza. Ilibaini kwamba ishara ya khanga ilikuwa halali, kwa kuwa mashahidi wote walikiri kuona muhuri mwekundu. Kwamba khanga, ishara na ujuzi ni mali ya Mkurugenzi. Na kwamba kwa hiyo watu wanane waliokolewa na Mkurugenzi akiwa maegeshoni, jambo linaloonyesha uongozi wa mbali. Kuhusu Lazaro, ilionekana alikuwa ameanza taratibu za kutoka na hivyo hakufia kazini. Kilichobaki ni sahihi ya Bi. Tabu.

"Andika ile alama ni wino," alisema Bwana Mbilo, naye siku hiyo hakumtazama usoni. "Ikiwa ni damu, basi ishara haikuwa halali, na wale wanane walitoroka kazini. Mwanao ana barua mbili, mama."

Bi. Tabu alishika kalamu kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na bandeji. Akaandika: wino.

Ngonyozi alivishwa nishani ya Kiongozi Kamili. Boila mpya ililetwa, ya mitumba, na watu wakaongezwa wakatimia tisa. Tume haikusahau hata vikombe. Iligundua katika Fomu ya Tetesi, iliyojibiwa siku ya ishirini na nane, kwamba vilikuwa vikijua bila leseni. Vikachukuliwa vyote, kantini ikaletewa vya plastiki, ambavyo havigongani.

Bi. Tabu humimina chai humo mpaka leo. Watu wakishainuka huweka kile kiganja chenye kovu juu ya meza iliyoegemea ukuta, akausikiliza ukuta. Kiganja hakijaandikwa kwenye fomu yoyote. Jumatatu iliyopita alikiweka, akakiondoa haraka, akakisimamisha dirishani ambako watu wa zamu walikuwa wakipita kwenda boila. Wote tisa walikiona. Wanane walitazama juu, ofisini kwa Mkurugenzi. Khanga ilikuwa kwenye fremu yake mpya, na muhuri halisi. Wakashusha macho wakaingia.

Sikitu aliketi chini, mlangoni, kwenye vumbi.

Bwana Mbilo alikuja na fomu. Akamuuliza amegoma kwa chanzo kipi cha mamlaka, Kiti, Zawadi, Fimbo, Ujuzi au Mapenzi ya Mkurugenzi.

"Ni mama yangu," alisema Sikitu. "Watoe na hao wengine."

Bwana Mbilo alipitisha kalamu kwenye fomu, mbele na nyuma, hakupata nafasi ya kuweka alama. Ardhi chini ya viatu vyake ilikuwa inatetemeka kidogo. Akamwambia asubiri hapo hapo, asiende popote, yeye anakwenda kupiga simu wizarani kuuliza kama hicho nacho kinahamishika.